Rangi Mpya, Viti Vipya: Fizikia ya Meli Iliyotoka Kwenye Ukarabati

Kila meli ya abiria ikitoka kwenye ukarabati, picha zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ni zile zile: viti ambavyo bado vina nailoni, televisheni ukutani, chumba cha VIP chenye kitanda kipana, mgahawa unaong'aa kama wa hoteli ya Posta. Zikija za meli za kitalii za Ulaya na Marekani ndiyo usiseme. Ghorofa kumi na kitu, na juu kabisa mabwawa ya kuogelea na mabomba ya kuteleza. Sisi wa Lupaso, kule wilaya ya Masasi, ambako bahari ni safari ya siku nzima kwenda na kurudi, tunaziangalia picha hizo kwa swali moja la msingi. Binamu yangu aliliuliza vizuri kuliko mwalimu yeyote wa fizikia niliyepitia: "Sasa na maji yote hayo juu ya paa, mbona haipinduki?"

Ndilo swali la leo. Nitakueleza utegemee nini ukipanda meli iliyofanyiwa ukarabati mkubwa ikapewa sura ya kifahari, lakini viti na televisheni nitavipita haraka kwa sababu hivyo utaviona mwenyewe. Kitu ambacho hutakiona ni kwamba kila kilichoongezwa mle ndani kina uzito, na uzito huo umekaa mahali fulani. Mahali hapo ndipo kwenye mjadala wote.

Tuanze na meli yetu wenyewe. MV Victoria ya Ziwa Victoria iliundwa Scotland na kampuni ya Yarrow, ikasafirishwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu, na ikaanza kazi mwaka 1961. Wazee wanaikumbuka kama RMS Victoria. Zile herufi zilimaanisha kwamba inabeba barua za serikali. Mwaka 2014 ikasimama, imechoka. Ikakarabatiwa Mwanza na mwaka 2020 ikarudi majini kwa jina jipya, New Victoria Hapa Kazi Tu, ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200 na mizigo tani 200 kwenye njia ya Mwanza na Bukoba. Ukiipanda utakuta madaraja kama kawaida: wa kukaa, wa kulala, na wenye nazo huko juu. Si meli ya kitalii, hilo tukubaliane. Lakini kwa mtu aliyeizoea ile ya mwaka 2013, tofauti ni kubwa.

Na ganda? Ganda ni lile lile la Scotland. Hapo ndipo watu wengi hawafiki kimawazo. Ukarabati wa meli haufanani na kununua meli mpya. Unafanana zaidi na kuezua nyumba ya zamani, kubadili mabati, nyaya na milango, huku msingi na kuta vikibaki. Meli hupandishwa kwenye chelezo, maji yanaondoka, na mafundi wanaanza na kazi isiyopigwa picha. Wanapuliza mchanga kwa kasi kubwa kuondoa rangi na kutu hadi chuma kionekane cheupe. Wanapita na kifaa kinachotuma mawimbi ya sauti ndani ya bati na kusikiliza mwangwi wake, ili wajue limebaki na unene wa milimita ngapi. Palipokonda wanakata na kuchomelea bati jipya. Wanabandika vipande vya zinki chini, ambavyo kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya meli (kweli kabisa, vinawekwa ili viliwe). Injini zinatoka, zinaingia nyingine. Pampu, mabomba, mitambo ya kuzima moto. Viti vinakuja mwisho mwisho kabisa.

Baada ya hapo meli inarudi majini ikiwa na uzito tofauti na ule ulioandikwa kwenye makaratasi ya siku ilipozaliwa.

Fuso la korosho

Kama umewahi kukaa barabara ya kupanda Newala wakati wa msimu wa korosho, nusu ya somo hili unalijua tayari. Fuso limejaza magunia hadi yamepita kingo, na juu ya magunia wamekaa vijana wawili. Likiingia kwenye kona, mzigo wote unaonekana kama unafikiria. Fuso lile lile likibeba uzito ule ule wa nondo, zikalala chini kwenye bodi, halina wasiwasi. Tani ni zile zile. Kilichobadilika ni urefu wa kitovu cha uzito kutoka chini.

Meli nayo ina kitovu chake cha uzito. Lakini meli haina matairi. Imekaa juu ya kitu kinachokubali kusogea. Maji yanaisukuma juu, na nguvu hiyo ya maji nayo ina kitovu chake, kilichopo katikati ya ile sehemu ya meli iliyozama. Meli ikiinama kulia, umbo la sehemu iliyozama linabadilika: upande wa kulia unazama zaidi, wa kushoto unainuka. Kwa hiyo kitovu cha nguvu ya maji kinasogea kulia, kinaifuata meli ilikoinamia, na kinaisukuma irudi. Ndiyo maana meli inajiinua yenyewe bila mtu kuishika.

Sasa chora mstari wa wima kutoka kwenye kitovu hicho kilichosogea kwenda juu, hadi ukate mstari wa katikati ya meli. Pale unapokata panaitwa metasenta. Kanuni ni fupi: metasenta ikiwa juu ya kitovu cha uzito, meli inarudi, ikiwa chini yake, meli inaendelea kuinama hadi ilale. Umbali kati ya vitu hivyo viwili mainjinia wanauita GM. Kwa meli ndogo ya abiria tunazungumzia mita moja hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Yaani ghorofa zote zile, mamia ya watu, na usalama wao unategemea umbali unaoweza kuupima kwa hatua moja ya mguu.

Hapo ndipo jibu la kwanza la swali la binamu lilipo. Meli kubwa za kitalii ni pana mno, na upana unalipa kuliko kitu kingine chochote: ukiongeza upana wa meli mara 2, uwezo wa umbo lake kupinga kuinama unaongezeka mara 8. Beseni na chupa vikiwekwa majini unajua kipi kitasimama. Tena chini kabisa ya meli hizo kuna injini, matangi ya mafuta na farumi, ambayo siku hizi ni maji yanayopampwa kwenye matangi ya chini, ilhali ghorofa za juu zinajengwa kwa mabati membamba na vifaa vyepesi. Ile meli inayoitwa Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, inatajwa kuwa na "tani" karibu 250,000. Usidanganyike: tani hizo si uzito, ni kipimo cha ujazo, nafasi iliyofungwa ndani. Sehemu kubwa ya kile unachokiona juu ya maji ni hewa yenye kiyoyozi.

Bwawa, na ndoo kichwani

Jibu la pili linawahusu bibi zetu. Uwanda wa juu wa Makonde ni mkavu juu na maji yako chini mabondeni, na kabla ya mabomba kufika, kuteka maji ilikuwa kazi ya kushuka mteremko na kuupanda tena na ndoo kichwani. Angalia mwanamke mzoefu anavyobeba: ndoo haijai pomoni, na juu ya maji kaweka majani au kijiti. Ukimuuliza atakwambia ni ili maji yasimwagike, na yuko sahihi. Ila kuna zaidi ya hapo. Maji yanayoruhusiwa kucheza yanakimbilia upande ambao ndoo imeinamia, na kukimbilia huko kunaiongezea kuinama. Yale majani yanaua ule mchezo.

Kwenye meli balaa hilo lina hesabu yake. Maji yaliyotulia kwenye tangi lililojaa kabisa ni mzigo kama mzigo mwingine. Maji yaliyojaa nusu, yenye uso ulio huru, yanafanya kazi kana kwamba kitovu cha uzito cha meli kimepanda juu. Ubaya wake unategemea zaidi upana wa uso kuliko wingi wa maji. Ukiligawa tangi katikati kwa ukuta mmoja wa kutoka mbele kwenda nyuma, ubaya unashuka hadi robo. Ndiyo sababu mabwawa ya meli za kitalii ni madogo kuliko yanavyoonekana kwenye picha, yamegawanywa kadhaa badala ya moja kubwa, na bahari ikichafuka utakuta yamefungwa au yamemwagwa kabisa. Ukifika ukakuta bwawa halina maji, usianze kudai hela yako.

Tukio linalofundishwa kila mahali ni la kivuko cha Uingereza, Herald of Free Enterprise, tarehe 6 Machi 1987. Kilitoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya mbele ikiwa haijafungwa. Maji yakaingia kwenye sitaha ya magari, ambayo ni ukumbi mmoja mpana usio na ukuta wa kati. Hayakuhitaji kuijaza meli. Yalikimbilia upande mmoja tu, na ndani ya dakika chache chombo kikalala. Watu 193 walikufa, karibu kabisa na nchi kavu. Vivuko vyetu vya magari vina umbo hilo hilo la ukumbi mpana, kwa hiyo ukiona baharia anahangaika na mlango na mifereji ya kutolea maji sakafuni, mwache ahangaike.

Anasa ina kilo zake

Sasa rudi kwenye ukarabati. Mwenye meli anataka vyumba vyenye roshani, vigae, kaunta ya mawe, mitambo ya kupooza hewa, jiko la pili, tangi la maji ya moto. Vyote vinakwenda juu, kwa sababu abiria anayelipa zaidi anataka kuona ziwa na siyo kusikiliza injini. Chukua meli yenye uzito wa tani 1,500. Iongezee tani 30 za anasa, mita 8 juu ya kitovu chake cha uzito. Zidisha 30 kwa 8, gawanya kwa 1,530: kitovu cha uzito kimepanda sentimita 16 hivi. Kama GM ilikuwa mita 1.15, sasa imebaki karibu mita 1. Hakuna aliyekosea chochote, meli imependeza, na sehemu ya usalama wake imetumika kununulia vigae.

Wenzetu wanaojua wanalipa deni hilo. Meli ya kitalii ya Uingereza iliyoitwa Oriana, ya mwaka 1995, iliongezewa vyumba kwenye ukarabati wa mwaka 2011, na kwa sababu hiyo ikafungiwa kipande cha chuma nyuma, usawa wa maji, kinachofanana na mkia wa bata, ili maji yapate sehemu zaidi ya kuishika. Nyingine, Silver Spirit, mwaka 2018 ilikatwa katikati huko Palermo, Italia, vipande vikatenganishwa, kipande kipya cha mita 15 kikaingizwa, ikachomelewa tena. Ukisikia "imekarabatiwa na kuongezwa", wakati mwingine ndiyo hivyo.

Na hapa nina jambo linalonifurahisha. Oriana iliundwa na kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani. Kiwanda hicho hicho ndicho kilichounda Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika mwaka 1913, ikiitwa Graf von Goetzen. Iliundwa, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli na njia nyingine hadi Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani walipozidiwa vitani, Julai 1916, mafundi wake waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, lakini kabla ya hapo waliipaka injini yake grisi nzito. Waingereza wakaiibua mwaka 1924 na ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Miaka mingi chini ya maji, na mitambo ilikuwa bado inafaa. Kama kuna tuzo ya ukarabati, mimi ningempa yule fundi wa grisi.

Jinsi meli inavyopimwa

Basi mtu atajuaje kitovu cha uzito cha meli kimekaa wapi baada ya matengenezo? Huwezi kuipima kwa kuitazama, na kujumlisha kila msumari ni ndoto. Kipimo chenyewe ni rahisi hadi unajiuliza mbona hukukifikiria.

Meli inawekwa kwenye maji yaliyotulia, siku isiyo na upepo, kamba zikilegezwa. Matangi ama yamejaa kabisa ama ni makavu, kwa sababu ya yale mambo ya ndoo. Watu wote wasiohusika wanashuka. Ndani inaning'inizwa timazi ndefu, kama ile ya fundi mwashi, ncha yake ikiwa ndani ya chombo cha mafuta ili isichezecheze. Kisha wanachukua uzito unaojulikana na kuusogeza kutoka upande mmoja kwenda mwingine, umbali unaojulikana. Meli inainama kidogo. Timazi inaonyesha ni nyuzi ngapi.

Kwa ile meli yetu ya tani 1,500, kabla haijaongezewa vigae: sogeza tani 10 kwa mita 6, meli ikiinama nyuzi 2, hesabu inakupa GM ya mita 1.15. Ikiinama nyuzi 4 kwa uzito ule ule, GM ni nusu yake. Meli laini inainama sana kwa kitu kidogo. Mchezo wote ndio huo.

Sheria za kimataifa za usalama baharini zinataka meli za abiria zihakikiwe uzito wake angalau kila miaka 5, na uzito ukikutwa umebadilika kwa zaidi ya asilimia 2, kipimo cha kuinamisha kirudiwe. Kanuni hizo ni za safari za baharini kati ya nchi na nchi. Meli za maziwani kwetu ziko chini ya sheria za Tanzania, na msimamizi ni TASAC. Lakini fizikia haiulizi bendera. Mimi meli ikizinduliwa huwa nasikiliza kama kuna mtu atataja kipimo hiki. Mara nyingi zinatajwa injini, mwendo na gharama ya mradi. Waandishi wa habari mnaosoma hapa, ulizeni tu: "Imeinamishwa lini, na GM ilitoka ngapi?" Ni swali la sekunde tano, na atakayelijibu bila kupepesa macho amekupa habari kubwa kuliko ya viti.

Starehe na usalama hazivuti upande mmoja

Hili ndilo watu huwa hawaliamini. Kiswahili kina neno mrama, kule kuyumba kwa chombo kutoka ubavu hadi ubavu, na ndiyo sababu tunasema mambo yamekwenda mrama. Abiria wa kawaida anadhani meli inayoyumba kwa kasi ndiyo mbaya, na ile inayokwenda taratibu, inainama, inatulia, inarudi kwa raha zake, ndiyo nzuri. Mara nyingi ni kinyume.

Meli yenye GM kubwa inarudi kwa nguvu, kama kitanda cha kamba iliyokazwa. Inachosha, inamwaga chai, inatapisha. Yenye GM ndogo inarudi polepole, na usingizi unakuja. Kwa hiyo mwunda meli ya kifahari anatafuta katikati, na anaegemea upande wa upole, kwa sababu wateja wake wamelipia usingizi. Hakuna ubaya, mradi ajue alikosimama.

Unaweza kukadiria mwenyewe. Chukua upana wa meli kwa mita, zidisha kwa 0.8, gawanya kwa kipeuo cha pili cha GM. Unapata sekunde za mrama mmoja kamili, kwenda na kurudi. Meli ya upana wa mita 12 yenye GM ya mita 1 itachukua sekunde kama 10. GM ikishuka hadi sentimita 25, sekunde zinafika 19. Simu yako ina saa. Ukiwa umekaa, hesabu mirama kumi, gawanya. Si kipimo cha kitaalamu, maana mawimbi nayo yana mapigo yake, lakini meli inayoinama na kukaa kule muda mrefu kana kwamba inafikiria kama irudi au isirudi haifanyi hivyo kwa ajili ya starehe yako.

Meli nyingi za kitalii zina mapezi mawili ubavuni chini ya maji, yanayojigeuza kama mabawa ya ndege kupunguza mrama. Yanasaidia sana usingizi. Ila yanafanya kazi meli ikiwa kwenye mwendo, na hayaongezi hata sentimita moja ya GM.

Mzigo usiokarabatiwa

Nimeacha mzigo mmoja hadi sasa: wewe. Mainjinia wanapopiga hesabu za meli wanakuchukulia kuwa na kilo 75, na ukiwa umesimama kitovu chako kipo mita 1 juu ya sitaha. Rudi kwenye meli ya tani 1,500. Mizania ikiruhusu watu fulani, kisha wakaongezeka 600 wakajazana sitaha za juu, hizo ni tani 45, na kitovu cha uzito kinapanda sentimita 23. Ongeza sentimita 16 za vigae. Umeona ile mita 1.15 inavyoyeyuka?

Halafu watu, tofauti na magunia ya korosho, wana miguu. Watu 400 wakihama kwa mita 5 kwenda upande mmoja, labda gati limeonekana na kila mtu anataka kushuka wa kwanza, meli yenye GM ya mita 1 itainama nyuzi 6 hivi. Mtaona glasi zinateleza, mtacheka. Yenye GM ya sentimita 25, hesabu ile ile inatoa nyuzi zaidi ya 20, na kwenye pembe hizo hesabu rahisi inaanza kudanganya: mizigo inakatika kamba, madirisha yanafika majini, na maji yakishaingia tunarudi kwenye ndoo isiyo na majani.

Tanzania tumelipia somo hili. MV Bukoba ilikuwa na nafasi ya watu wapatao 430. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ilipinduka ikiikaribia Mwanza, na waliokufa wanahesabiwa kuwa zaidi ya 800. Daraja la tatu halikuwa na orodha ya abiria. Rais Benjamin Mkapa, ambaye kwao ni hapo hapo Lupaso, alikuwa na miezi sita tu Ikulu. Alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa. Meli ilikaa kwa muda ikielea kichwa chini, imeshikiliwa na hewa iliyonaswa ndani, na watu hai wakigonga kuta. Waokoaji walipotoboa ganda ili wawatoe, hewa ile ikatoka, na meli ikazama. Kila nikilifundisha somo la kuelea, naona ni afadhali niliseme hili kuliko kuchora maboksi ubaoni.

Tarehe 20 Septemba 2018 kikaja kivuko cha MV Nyerere, njia ya Bugolora kwenda Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Kilipinduka kikiwa kimekaribia gati, na injini zake zilikuwa zimetoka kwenye matengenezo makubwa miezi michache tu kabla. Injini nzuri. Ukarabati ulifanyika kwenye kitu kimoja na ajali ikatokea kwenye kingine, kwa sababu hakuna karakana inayoweza kufunga kifaa cha kukataa tiketi ya mtu wa 102.

Kwa hiyo ukipanda ile meli mpya-mpya, iwe ya Bukoba au ya watalii, furahia. Utasikia harufu ya rangi na gundi siku za mwanzo. Utasikia mtetemo mgeni, kwa kuwa injini mpya zinatikisa ganda la zamani kwa mapigo ambayo halikuyazoea. Kuna milango mizito ya kuzuia moto inayojifunga yenyewe. Usiiwekee begi isimame wazi. Hakikisha jina lako limeandikwa, hata kama wa mbele yako wamepita bila kuandikwa. Tafuta ubao wenye idadi ya abiria walioruhusiwa, kisha tazama sitaha. Jua jaketi okozi liko wapi na livae mara moja kujaribu, uone kamba zinafungwaje, ukiwa bado una mwanga na utulivu. Meli ya kitalii ya Italia, Costa Concordia, ilipogonga mwamba Januari 2012 na watu 32 wakafa, kulikuwa na abiria waliopanda jioni ile ile ambao hawakuwa wamefanyiwa zoezi lolote. Sasa sheria ya kimataifa inataka zoezi lifanyike kabla ya kung'oa nanga au mara tu baada yake. Ukisikia honi 7 fupi zikifuatwa na moja ndefu, nenda kwenye kituo chako cha kukusanyikia. Usirudi chumbani kuchukua simu.

Na gati likionekana, kaa upande wako mpaka kamba zifungwe.